Merikebu ya Mbao na Wanaoitunza

Katika bandari ya Boston, upande wa mashariki wa Marekani, mzinga hupigwa kila siku saa mbili ya asubuhi, bendera inapopandishwa, na mara ya pili jua linapokuchwa. Mzinga huo haumtishi mtu. Watu wa mji wameuzoea kama sisi tulivyozoea kengele ya misioni. Wapigwa kutoka manowari ya zamani iitwayo Constitution, ndiyo kusema Katiba. Ilishushwa majini tarehe 21 Oktoba 1797, na mpaka leo imo katika hesabu ya jeshi la bahari la Marekani. Iko manowari nyingine yenye umri kuipita, Victory ya Waingereza, lakini hiyo tangu 1922 imekaa pakavu, haiguswi na maji. Constitution yaelea bado. Katika manowari zote za dunia zilizo katika utumishi na zenye kuelea, hakuna iliyo mzee kuliko hii.

Tena watu wanaofagia sitaha yake, wanaosugua vyuma vyake na kupanda kamba zake, si watumishi wa nyumba ya makumbusho. Ni mabaharia kweli wa jeshi la bahari, wake kwa waume, na wengi wao ni vijana. Wenzao wa jeshi lilo hilo wanaongoza merikebu za chuma, na nyingine ziendazo chini ya maji kwa nguvu ya atomu. Hawa wameagizwa kujifunza jinsi tanga linavyokunjwa na jinsi mzinga wa mwaka 1812 unavyoshindiliwa. Leo twataka kuwaelezeni kazi yao, na kutazama pamoja nanyi kama kazi hiyo yafaa kufanywa. Maana wako wasomaji watakaouliza mara moja: faida yake nini kumwaga jasho na fedha kwa chombo kisichoweza tena kupigana wala kuchukua mzigo? Swali hilo ni la haki, nasi hatutalikimbia.

Mnamo 1794 baraza kuu la Marekani liliamuru zijengwe manowari sita, kwa sababu maharamia wa Algiers walikuwa wakiteka merikebu za wafanyabiashara wa Kimarekani na kuwafunga mabaharia wao. Fundi Joshua Humphreys wa Philadelphia akachora namna yake. Hiyo ya tatu tunayoisimulia ikajengwa Boston. Urefu wa ubavu wake wapata meta 62, na mlingoti wake wa katikati wainuka kadiri ya meta 67, yaani kupita mnara wa kanisa lo lote la misioni tunalolijua. Mataruma yake, ndizo mbavu za merikebu, yamesongamana hata baina ya taruma na taruma havipiti ila vidole vichache. Nje yake zimepigiliwa mbao za mwaloni mweupe, na ndani vivyo hivyo. Ukitoboa ubavu mahali pa unene wake wote, utapita katika nusu meta ya mti mgumu na zaidi.

Ndiyo sababu tarehe 19 Agosti 1812, ilipopigana na manowari ya Waingereza iitwayo Guerriere, mabaharia waliona kwa macho yao risasi za mizinga zikigonga ubavuni na kuanguka majini. Husimuliwa kwamba mmoja alipaza sauti akasema ubavu huu ni wa chuma. Tangu siku ile Wamarekani waiita kwa jina la utani, Mzee Mbavu za Chuma. Lakini mbavu hizo ni mti mtupu, na mti una adui zake.

Wenyeji wa kandokando ya ziwa Tanganyika na ziwa Kivu hawatashangaa tukisema hivyo. Wanajua mtumbwi ulioachwa pwani miezi michache huwaje. Hata anayekaa mbali na maji amekwisha kuona nguzo ya nyumba: juu ni nzima, chini kabisa udongoni mara nyingi ni nzima, lakini pale usawa wa ardhi imeliwa, ukiisukuma yavunjika. Sababu ni hii. Kinachoozesha mti ni ukungu mdogo sana, nao wataka vitu viwili pamoja, maji na hewa. Mti ulio mkavu siku zote haupati maji. Mti uliozama siku zote haupati hewa ya kutosha. Mahali pa hatari ni pale panapolowa na kukauka, kisha kulowa tena. Merikebu yote iliyo juu ya maji ni mahali pa namna hiyo. Na hapa yatupasa kuwaambia jambo lisilotazamiwa: maji ya mvua huidhuru merikebu ya mbao kuliko maji ya bahari. Chumvi huuzuia ukungu, maji matamu huulisha. Mabaharia wa zamani walilijua hilo kabla ya wataalamu kulieleza, ndiyo maana waliosha sitaha zao kwa maji ya bahari.

Huko Boston, tena, wakati wa baridi huanguka theluji. Sisi tunaoitazama theluji kwa mbali tu, juu ya vilele vya Ruwenzori, twaweza kuidhani pambo. Kwa baharia wa Constitution ni mvua iliyokawia kuanguka. Yampasa kuiondoa sitahani kwa sepetu kabla haijayeyuka na kupenya katika viungo vya mbao.

Viungo hivyo ndivyo vyenye kazi nyingi. Ubao na ubao, hata ukiranda namna gani, haushikani kabisa; merikebu ikicheza juu ya maji, nafasi hufunguka. Basi fundi huchukua nyuzi za katani zilizotiwa lami ya msonobari, huzisokota kama uzi mnene, huziweka katika ufa, na kuzishindilia kwa patasi butu na nyundo ya mti. Kisha juu yake humwaga lami ya moto. Mafundi wa pwani ya Unguja na Mombasa huiita kazi hiyo kalafati. Si kazi ya nguvu tupu. Nyuzi zikiwa haba, maji yaingia. Zikizidi, mbao zinapovimba husukumana mpaka misumari ing'oke. Fundi mzoefu hujua kwa sikio, maana sauti ya nyundo hubadilika ufa ukijaa sawasawa. Nasi twapenda kuwaambia wanafunzi wetu kwamba ujuzi wa sikio namna hiyo haupatikani kwa kusoma ukurasa huu. Hupatikana kwa kusimama miaka karibu na mtu aliye nao.

Chini ya maji yuko adui mwingine. Watu humwita mnyoo, lakini kwa kweli ni ndugu wa konokono na wa chaza. Ana gamba dogo lenye meno kichwani, na kwa gamba hilo hutoboa mti na kukaa ndani yake maisha yote. Ubao ulioingiwa naye kwa nje waonekana salama. Ukiukata, ni kama sega la nyuki. Dawa yake ni shaba nyekundu, madini yale yale wanayoyajua sana ndugu zetu wa Katanga. Tumbo lote la merikebu hufunikwa kwa mabati membamba ya shaba, mnyoo asipate mahali pa kushika. Mnamo 1803 Constitution ilipewa mabati yaliyofuliwa na Paul Revere, mfua shaba mashuhuri wa Boston. Lakini shaba nayo huliwa na maji ya chumvi kidogo kidogo. Katika matengenezo makubwa ya miaka 2015 mpaka 2017 mabati yapata 2,200 yalibanduliwa na kuwekwa mapya.

Kwa kazi ya namna hiyo merikebu huingizwa katika gudi, yaani shimo kubwa lililojengwa kwa mawe kandokando ya bahari. Merikebu huingia maji yakiwamo, mlango hufungwa, maji huvutwa nje kwa pampu, nayo hubaki imesimama juu ya vitalu kama mgonjwa juu ya kitanda cha mganga. Constitution ndiyo merikebu ya kwanza iliyoingia katika gudi hilo la Boston, tarehe 24 Juni 1833, na gudi lilo hilo ndilo lililoipokea Mei 2015.

Adui wa mwisho tutakayemtaja ni uzito wake yenyewe. Merikebu ni pana katikati, na huko maji huiinua kwa nguvu. Ncha zake ni nyembamba, maji hayaziinui sana, nazo zina uzito wa nanga na mizinga na mbao nene. Basi miaka ikipita, ncha hushuka na katikati hupanda, hata mkuku, ule mti mrefu wa chini ulio kama uti wa mgongo, ukapinda. Humphreys aliliona hilo mapema. Ndani ya tumbo la merikebu aliweka jozi sita za mihimili minene iliyolazwa kishazari, ili uzito wa ncha upelekwe katikati. Waliokuja nyuma yake, wakiitengeneza merikebu mara kwa mara, waliiondoa mihimili ile. Labda waliona inaziba njia. Watu wa kutengeneza haraka ndivyo walivyo. Mnamo 1992 mkuku ulipopimwa ulikuwa umepinda zaidi ya sentimita 30. Merikebu ikaachwa gudini ijinyoshe polepole juu ya vitalu, na mihimili ya Humphreys ikarudishwa kama alivyoichora.

Sasa, msidhani kwamba hayo yote hufanywa na mabaharia wenyewe. Useremala mkubwa, kalafati na kusuka kamba ni kazi ya mafundi raia walioajiriwa na jeshi la bahari, watu wachache wenye ujuzi usiopatikana tena kwa urahisi. Mabaharia, ambao hesabu yao ni chini ya mia moja, hufanya kazi ya kila siku: kufagia, kuosha, kupaka rangi, kusugua shaba, kukagua kamba, kuondoa tanga na kulifunga tena. Siku za mwaka 1812 merikebu hii ilikuwa na watu zaidi ya 400. Hao wachache wa leo, tena, huwapokea wageni mamia ya maelfu kila mwaka, nao huingia bila kulipa kitu, na baharia hana budi kumjibu kila mmoja anayeuliza watu walilala wapi na walikula nini.

Kazi inayowatia hofu wengi ni ya juu. Kando ya kila mlingoti ziko ngazi za kamba, na juu zaidi foromali, ndiyo miti iliyokingamishwa kubeba matanga. Baharia hupanda mpaka huko, husimama kwa miguu juu ya kamba moja tu iliyoning'inia chini ya foromali, huinama kwa tumbo juu ya mti, na kwa mikono miwili hulikusanya tanga zito. Hawezi kulikusanya peke yake. Wote waliopangwa juu ya foromali ile wavute pamoja. Mmoja akivuta kabla ya wenziwe, tanga humponyoka. Leo hufungwa mikanda ya kuwazuia wasianguke, jambo ambalo mababu zao hawakulipata. Kila mwaka, mwezi wa Agosti, huletwa Boston mabaharia wa vyombo vingine waliochaguliwa kupandishwa cheo cha ukubwa, nao hukaa siku kadhaa wakipanda, wakivuta, wakisugua. Wakubwa wao waona kwamba atakayeamuru wengine ajue kwanza kuvuta kamba pamoja nao. Mnamo Januari 2022 uongozi wa merikebu ulishikwa na mwanamke kwa mara ya kwanza, Bi Billie Farrell, nahodha wake wa sabini na saba.

Tarehe 4 Julai, sikukuu ya taifa lao, vyombo vidogo vya kuvuta huitoa merikebu bandarini. Ikifika mbele ya ngome ya zamani mlangoni mwa bandari hupiga mizinga 21, kisha hurudi. Wenyeji wamezoea kusema kwamba hufungwa ikiwa imegeuzwa, ili jua na upepo visiumize ubavu mmoja tu mwaka baada ya mwaka. Mama anayegeuza samaki juu ya moto afahamu maana yake.

Basi turudi katika swali letu la faida. Waliolijibu kwa kusema "haina faida" hawakukosekana hata kidogo. Mnamo 1830 zilienea habari kwamba merikebu itavunjwa, ikaokolewa kwa shairi la kijana mmoja wa miaka 21, Oliver Wendell Holmes, lililochapishwa katika gazeti la Boston na kuwachoma watu mioyo. Mnamo 1905 waziri wa jeshi la bahari, Charles Joseph Bonaparte, ambaye babu yake alikuwa ndugu wa Napoleon mwenyewe, alitoa shauri ivutwe baharini, iwe shabaha ya mizinga ya merikebu mpya. Mwarmenia mmoja aliyehamia Marekani, Moses Gulesian, alipopata habari hiyo alitaka kuinunua kwa dola 10,000 kutoka mfuko wake. Twampenda mtu huyo. Nchi hakuzaliwa ndani yake, na wenyeji ndio waliotaka kuizamisha! Serikali haikumwuzia, lakini raia walipiga kelele, na mwaka uliofuata baraza likatoa fedha za matengenezo.

Miaka ishirini ikapita, na merikebu ilikuwa imeoza tena, yavuja. Mnamo 1925 ukaanzishwa mchango wa watoto wa shule, kila mtoto alete senti zake. Habari hiyo hupendwa kusimuliwa, na ni ya kweli. Lakini tusidanganyane, senti za watoto hazikutosha. Ziliuzwa picha za merikebu, vikauzwa vipande vya mbao zake za zamani, na mwisho serikali ikajazia. Hata hivyo senti zile hazikupotea. Matengenezo yalipokwisha, merikebu ilizungushwa kwa kuvutwa katika bandari za Marekani tangu 1931 mpaka 1934, na watu zaidi ya milioni 4 wakapanda kuitazama. Baba aliyempandisha mwanawe aliweza kumwonyesha kitu alichokitolea mwenyewe.

Hapa msomaji mwerevu atatushika mkono: "Ngojeni kwanza. Mmesema mbao zimebadilishwa 1833, na 1906, na 1927, na 1992, na 2015. Hiyo mnayoitunza ni merikebu gani basi?" Swali hilo ni la kale sana. Plutarko wa Ugiriki aliandika kwamba Waathene waliihifadhi merikebu ya shujaa wao Theseus, wakiondoa mbao zilizooza na kutia mpya, mpaka wanafilosofia wakaifanya mfano wa mabishano yao, hawa wakisema ni ile ile, wale wakisema siyo. Sisi twaona kwamba wanaosema ni ile ile wana haki. Hakuna siku merikebu hii ilipokufa ikaundwa nyingine. Kila ubao mpya ulipigiliwa kando ya ubao wa zamani, na kila fundi alifundishwa na aliyemtangulia. Hivyo hivyo mto huitwa Lualaba, ijapokuwa maji ya jana yamekwisha kwenda zake.

Tena haikubadilika yote. Wenye kuitunza hukadiri kwamba katika kila sehemu mia ya mbao zake, kati ya kumi na kumi na tano ni za tangu mwanzo. Nazo ziko chini: mkuku wenyewe na sehemu za chini za mataruma, mle ambamo mti hulowa daima na hewa haba. Mti huo wa chini ndio unaotufanya sisi, watu wa mbali, tuone kazi ya mabaharia wa Boston kuwa si ya bure. Sababu yenyewe ni hii.

Mataruma yalichongwa kwa mwaloni wa kusini, aina isiyopukutisha majani, mti mzito kuliko mialoni yote. Ulikatwa katika visiwa vya Georgia, hasa kisiwa cha St. Simons. Wakataji waliopelekwa kutoka kaskazini waliugua homa, wengine wakafa, wengine wakakimbia. Na katika kazi ya kukata na kukokota magogo yale kutoka mabwawani walitiwa watumwa weusi wa mashamba ya huko, watu ambao wao wenyewe au wazazi wao walichukuliwa katika bara letu hili. Mishahara yao ilipokelewa na waliowamiliki.

Merikebu ile ikatembea. Mnamo 1844 ilianza safari ya kuzunguka dunia, nahodha wake akiwa John Percival, ikapita Msumbiji na Unguja. Wakati ule biashara ya Wamarekani ilistawi sana Unguja, na wazee wetu walikijua kitambaa chao kwa jina la nchi, merikani. Kilitoka viwanda vya jimbo lile lile la Boston, kikaletwa Unguja, kikapandishwa kichwani mwa wapagazi mpaka ng'ambo ya ziwa Tanganyika na Manyema, kikanunua pembe za ndovu, na mara nyingi kikanunua watu. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa wazi siku zile. Halikufungwa mpaka 1873.

Mwaka uliofuata, Mei 1845, merikebu ilifika bandari ya Tourane, ambayo leo huitwa Da Nang, katika nchi ya Vietnam. Nahodha alipata habari kwamba askofu wa Kifaransa, Monsinyori Dominique Lefèbvre, alikuwa amefungwa na kuhukumiwa kufa kwa ajili ya dini. Percival, mtu wa hasira upesi, alikamata wakubwa wa pale na vyombo vyao ili kumkomboa. Hakufaulu, akaondoka. Baadaye askofu aliachiliwa kwa Wafaransa. Twamshukuru nahodha kwa moyo wake, lakini hatuwezi kusema kwamba kukamata watu wasiohusika ilikuwa njia njema.

Mnamo tarehe 1 Agosti 1849 ilikuwa Gaeta, katika ufalme wa Napoli. Papa Pio wa Tisa alikuwa huko, amekimbia fitina za Roma tangu Novemba ya mwaka uliotangulia. Nahodha John Gwinn alikuwa ameagizwa asijitie upande wo wote katika mambo ya Italia. Hata hivyo alimpokea Papa merikebuni pamoja na mfalme Ferdinand wa Pili. Hakuna Papa aliyekuwa amewahi kukanyaga mahali palipo mali ya Marekani kabla ya siku ile. Mabaharia Wakatoliki walipata baraka yake. Kisha Baba Mtakatifu akapatwa na kichefuchefu cha bahari, akapumzika kidogo katika chumba cha nahodha, maana mawimbi hayaangalii cheo cha mtu. Aliposhuka alipigiwa mizinga 21.

Na sasa tufike kwetu. Tangu 1853 mpaka 1855 Constitution ilikuwa merikebu ya mkubwa wa kikosi cha Marekani kwenye pwani ya magharibi ya Afrika, Kamanda Isaac Mayo. Kikosi hicho kiliwekwa kwa kulinda biashara ya Wamarekani na kuzuia merikebu zao zisichukue watumwa. Vyombo vyake vilikuwa vichache, pwani ni ndefu, na waliokamatwa walikuwa haba kuliko waliopita. Lakini tarehe 3 Novemba 1853, kusini ya mlango wa mto Kongo, Constitution ilikamata jahazi la Kimarekani lililoitwa H. N. Gambrill, limetengenezwa tayari kwa biashara ya watumwa. Hilo ndilo windo lake la mwisho. Haikukamata tena chombo kingine katika maisha yake yote.

Fikirini juu ya mti ule wa chini. Watumwa waliukokota kutoka bwawani Georgia. Miaka karibu sitini baadaye mti ule ule ulielea mbele ya mto wetu, juu yake wakiwamo mabaharia waliotumwa kuwazuia wauza watu. Na nchi iliyowatuma ilikuwa bado na watumwa kwake, wala haikuwaacha wote huru mpaka 1865. Hatuwezi kuliweka jambo hilo katika sifa tupu, wala katika lawama tupu. Kitabu chaweza kuchagua la kusema na la kunyamaza. Mti hauchagui, ulikuwapo mahali pote, penye heshima na penye aibu. Kijana wa leo anayeosha sitaha juu yake, naye huenda babu wa babu yake aliuzwa Georgia, aweza kushuka ngazi na kuugusa kwa mkono. Kama waziri Bonaparte angesikilizwa, angegusa nini?

Tarehe 21 Julai 1997, ilipokaribia miaka mia mbili, waliiachia matanga sita karibu na Marblehead, nayo ikaenda yenyewe kwa upepo muda wa dakika 40 hivi. Ilikuwa haijafanya hivyo kwa miaka 116. Ilifanya tena Agosti 2012, muda mfupi zaidi. Waliokuwapo mara ya kwanza hawakufundishwa na baharia aliyewahi kuisafirisha hivyo, maana wote walikuwa wamekufa. Walijifunza kwa vitabu vya kale, na kwa kuvuta kamba mpaka mikono ikafahamu.

Miti mipya ya matengenezo hutoka Indiana, bara kabisa, mahali paitwapo Crane. Jeshi la bahari lina eneo lake huko, ijapo hakuna bahari karibu, na ndani yake umo msitu wa mialoni myeupe uliotengwa tangu 1976 kwa ajili ya merikebu hii. Mti wa kufaa ubavu wake lazima uwe mnyofu, mrefu, na umri wake uwe umepita miaka mia. Mafundi huenda, hutazama, hukata wanayoihitaji. Iliyo michanga huiacha isimame.